Saiwa: Mbuga ya Nzohe

Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa iko katika kaunti ya Trans Nzoia, kwenye bonde lililo kati ya Mlima Elgon na Milima ya Cherangani, zaidi kidogo ya kilomita 20 kutoka mji wa Kitale kwa barabara ya Kapenguria. Ilitangazwa rasmi mwaka 1974. Eneo lililotengwa wakati huo lilikuwa takriban kilomita 3 za mraba, na kwa miaka mingi Saiwa imetajwa kuwa mbuga ya kitaifa ndogo kuliko zote nchini Kenya. Ilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja: nzohe, swala wa majini ambaye wengi magharibi mwa Kenya humwita sitatunga. Magari huachwa langoni. Mgeni hutembea kwa miguu, kwa njia zinazofuata ukingo wa msitu na madaraja ya mbao yanayokatiza kinamasi, hadi kwenye majukwaa yaliyoinuliwa juu ya matete, na hapo hukaa kusubiri.

Kwa wakazi wa Lumakanda, makao makuu ya kaunti ndogo ya Lugari kaskazini mwa Kakamega, Saiwa ni miongoni mwa mbuga chache ambazo mtu huweza kwenda na kurudi siku ileile. Ukaribu huo si wa barabara peke yake. Maji ya Saiwa hushuka hadi mto Nzoia, na Nzoia hupita pembezoni mwa Lugari ukielekea Webuye. Tena historia iliyoifanya Lugari kuwa nchi ya mashamba madogo ya mahindi ndiyo ileile iliyokizingira kinamasi cha Saiwa kwa mahindi pande zote. Bila kuijua historia hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini mbuga nzima inaweza kuzungukwa kwa miguu katika saa chache.

Nzohe ni wa ukoo mmoja na pongo, tandala na bongo. Dume hukaribia mita moja begani, naye huweza kupita kilo 100. Jike ni mdogo, mara nyingi hafiki nusu ya uzito huo. Pembe ni za dume peke yake, nazo hujisokota taratibu kwenda juu na huweza kupita sentimita 70. Dume huwa na rangi ya kahawia iliyoiva inayoelekea kijivu, jike ni mwekundu zaidi, na wote wawili wana mistari na madoa meupe yaliyofifia. Manyoya yao ni marefu, yenye mafuta yanayozuia maji yasifike kwenye ngozi.

Kiungo kinachomtofautisha na swala wengine wote wa nchi hii ni mguu. Kwato za nzohe ni ndefu na nyembamba, na vidole vyake viwili hutanuka anapokanyaga, hata uzito wa mwili ukasambaa juu ya tope na mizizi iliyolowa. Mahali ambapo ng'ombe angezama hadi tumboni, nzohe hupita. Lakini mguu huohuo humponza akiwa nchi kavu: hukimbia kwa shida, na mbwa au chui humpata upesi. Ndiyo maana hatoki mbali na maji. Akishtuka huingia kwenye kilindi na kujizamisha hadi pua tu ibaki juu, kisha hutulia hivyo mpaka hatari ipite. Hula matete machanga, ndago na majani ya majini; usiku huweza kutoka kidogo na kulisha kwenye nyasi za ukingoni. Ili apate pa kulala huzungukazunguka mahali pamoja, akikanyaga matete hadi yalale na kuwa kitanda kikavu juu ya maji. Jike huchukua mimba kwa karibu miezi minane, huzaa ndama mmoja, na humficha juu ya kitanda cha namna hiyo kwa majuma ya mwanzo.

Nzohe pia ni mnyama wa mazoea. Hupita vichochoro vilevile ndani ya matete mwaka hadi mwaka, na mwindaji anayevijua vichochoro hivyo hahitaji bunduki wala mbwa, kwani kitanzi cha waya kinatosha. Katika nchi nyingi za Afrika ya kati na mashariki nzohe wameangamizwa kwa njia hiyo kimyakimya, bila makelele yaliyofuata mauaji ya tembo na vifaru.

Wavuvi na wawindaji wa kandokando ya Ziwa Viktoria, wa Buganda, wa visiwa vya Ssese na wa mabonde ya Nzoia na Yala walimjua nzohe tangu zamani. Elimu ya Ulaya ilimpata baadaye, na ilimpata katika nchi ambayo leo ni kaskazini magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka Zanzibar na msafara wa wapagazi, Sidi Mubarak Bombay akiwa miongoni mwa viongozi wake, kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwishoni mwa mwaka 1861 walifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, aliyewapokea vizuri na kuwapa nafasi ya kuiona nchi yake. Hapo Speke aliandika habari za swala anayeishi ndani ya matete ya ziwa dogo karibu na makao ya mfalme, na katika miaka iliyofuata mnyama huyo alipewa jina la kisayansi, Tragelaphus spekii, linalobeba jina la mgeni huyo. Majina ya watu wa Karagwe waliompeleka Speke kando ya ziwa hayakuingia kwenye vitabu, na hilo ni pungufu kubwa la historia ya elimu ya wanyama wa Afrika Mashariki, maana wao ndio waliokuwa walimu.

Nchi inayozunguka Saiwa ilikuwa na wenyewe karne nyingi kabla ya mipaka ya sasa. Katika nyanda za Uasin Gishu na Trans Nzoia kuna mashimo mapana ya mviringo yaliyochimbwa kwenye miteremko, maarufu kama mashimo ya Wasirikwa. Mwanaakiolojia John Sutton, aliyeyachunguza katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba za wafugaji zilijengwa ubavuni mwake. Wasirikwa waliishi hapa kwa karne kadhaa, hadi karibu karne ya 17 au ya 18, wakifuga ng'ombe na kondoo, na kwa wafugaji kama hao mabonde yenye maji yasiyokauka yalikuwa mali kubwa wakati wa kiangazi. Baada yao nyanda hizi zikawa malisho ya Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao nao walivunjwa nguvu na vita vya karne ya 19 kati ya makundi ya Kimaasai. Jamii za Kikalenjin zilibaki kwenye miteremko ya Cherangani na Elgon, na Wabukusu upande wa magharibi.

Maofisa wa Uingereza walipofika mwanzoni mwa karne ya 20 waliitazama nyanda hii iliyokuwa na watu wachache na kuihesabu kuwa tupu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilifikia hatua ya kuwaahidi Wazayuni sehemu ya Uasin Gishu; mkutano wao mkuu ulikataa mwaka 1905. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walipanda na magari yao ya maksai na kukaa upande wa Eldoret. Trans Nzoia ilifunguliwa kwa walowezi muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini waliijaza hasa baada ya mwaka 1919, serikali ya kikoloni ilipowagawia askari wa Kizungu waliotoka vitani mashamba katika nyanda za juu. Mto Nzoia ulivukwa kwa daraja lililoitwa kwa jina la mlowezi Arthur Cecil Hoey; mji uliokua hapo ndio Moi's Bridge ya leo.

Reli ilifuata. Mwaka 1924 ilifika Eldoret, kisha ikaendelea magharibi kupitia Turbo na Lugari hadi Uganda, ikafika Kampala mwaka 1931. Tawi lililochipuka Leseru lilifika Kitale mwaka 1926. Kabla ya reli, mkulima wa Trans Nzoia alikuwa na udongo mzuri na hana soko. Baada yake, mahindi yaliweza kupelekwa Mombasa, na kila ekari iliyolimika ikawa na bei. Nyasi za nyanda ziligeuzwa kwa plau, kazi ikafanywa na maskwota na vibarua, wengi wao Waluhya kutoka Bungoma na Kakamega. Swala wa nchi kavu, pundamilia na nyati walipungua haraka kwa sababu walikula mazao na kubeba maradhi ya mifugo, na mwenye shamba alikuwa na bunduki.

Mabondeni mambo yalikwenda polepole. Trekta haliingii kwenye tope la kinamasi, na kuukausha mkondo kwa mifereji ni kazi ya gharama isiyolipa haraka pale penye ardhi kavu ya kutosha. Kwa hiyo matete yalisimama yakiwa yamezungukwa na mahindi, na nzohe wakabaki ndani yake. Hakuna aliyewahifadhi kwa makusudi katika miaka hiyo, waliokolewa na unyevu wa makazi yao. Kinga hiyo ilidumu kwa muda ule tu ambao ardhi ilikuwa bado nyingi na watu wachache, na muda huo uliisha ghafla.

Katika miaka ya kukaribia uhuru, Trans Nzoia ilikuwa tayari kitovu cha utafiti wa mahindi. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 mbegu ya kwanza chotara iliyozalishwa hapo, H611, iliwafikia wakulima. Mavuno ya mbegu hizo yalimwezesha mwenye ekari chache kulisha familia na kubakiza gunia la kuuza. Wakati huohuo ardhi yenyewe ilikuwa inabadilisha mikono. Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, ulinunua mashamba ya walowezi na kuyagawanya kwa familia za Waafrika. Lugari ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyogawanywa, na Lumakanda ilikua kuwa mji wa soko na ofisi za serikali katikati ya nchi hiyo mpya ya wakulima wadogo, waliotoka sehemu nyingi za Uluhya ambako ardhi ilikuwa imekwisha kubana. Trans Nzoia iligawanywa kwa njia tofauti kidogo: mashamba mengine yalichukuliwa na Shirika la Maendeleo ya Kilimo, lililoundwa mwaka 1965, na mengine yakanunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya watu waliochanga fedha pamoja.

Kwa familia iliyosubiri ardhi kwa vizazi viwili, haki ya kulima ilikuwa haki kweli, na historia ya Saiwa haipaswi kuandikwa kana kwamba wakulima walikuwa wavamizi. Lakini matokeo kwa mabonde yalionekana mapema. Shamba la mlowezi mmoja lenye kinamasi kisichotumika lilipokatwa vipande, kila kipande kilihitaji kulimwa hadi ukingoni. Ng'ombe waliingizwa kwenye matete kiangazi, mifereji ikachimbwa kwa jembe, mboga zikapandwa kwenye udongo mweusi uliokauka. Vinamasi vidogo vingi vya nyanda hii vilitoweka katika miaka ya 1960 na 1970. Cha Saiwa kiliponea chupuchupu.

Kutangazwa kwa mbuga mwaka 1974 kulikwenda kinyume na desturi ya wakati huo. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilifunguliwa mwaka 1946, na Tsavo mwaka 1948. Tsavo zote mbili kwa pamoja zina zaidi ya kilomita 20,000 za mraba. Wazo la mbuga lilikuwa nyika kubwa, makundi ya wanyama, na gari lenye paa la kufunguka. Kutenga ukanda mwembamba wa maji na msitu katikati ya nchi ya mahindi, kwa ajili ya mnyama mwenye haya ambaye mgeni huenda asimwone kabisa, kulihitaji fikra nyingine: kwamba uhai wa aina moja ya mnyama una thamani hata kama hauleti watalii wengi. Katika historia ya uhifadhi wa Kenya huo ni uamuzi wa heshima, na haujasifiwa inavyostahili.

Mamlaka juu ya mbuga yalibadilika haraka baada ya hapo. Mwaka 1976 bodi iliyosimamia mbuga za kitaifa iliunganishwa na idara ya wanyama kuwa idara moja ya serikali. Mwaka 1977 uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku nchini. Na mwaka 1990 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, likachukua kazi hiyo. Kwa Saiwa marufuku ya uwindaji haikuwa na uzito mkubwa kama ilivyokuwa kwa nchi za tembo, kwa sababu kitanzi cha waya hakikuwahi kuomba leseni. Kilichosaidia zaidi ni askari wachache waliokaa hapohapo na kulijua kila kichochoro, jambo linalowezekana katika mbuga ndogo.

Kenya ina mahali pengine mashuhuri ambako watu husafiri kwenda kumtazama mnyama wa majini, nako ni chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu huzama katika mawe ya volkano, husafiri chini ya ardhi na kutokeza Mzima ikiwa safi kabisa, na sehemu ya maji hayo imepelekwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Kwa kuwa maji ni maangavu, karibu na mwisho wa miaka ya 1960 kilijengwa chumba chenye vioo chini ya uso wa bwawa, ambamo mgeni huona samaki, na kwa bahati huona viboko wakitembea juu ya sakafu ya bwawa. Pwani nako, kwenye maji ya Lamu na Kiunga, wamebaki nguva wachache wanaokula nyasi za bahari, ambao hata wavuvi wa siku nyingi huwaona kwa nadra. Saiwa iko kati ya hali hizo mbili. Maji yake si maangavu, yana rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza, na hakuna kioo kinachoweza kumfichua nzohe. Njia pekee ni kupanda juu ya matete na kutulia, na kwa hiyo majukwaa ndiyo alama ya mbuga hii.

Desturi ya ziara ya siku moja ilikuja hasa kwa njia ya shule. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha Vilabu vya Wanyamapori, harakati ya kwanza ya aina yake barani Afrika, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari zilizokuwa na basi au zilizoweza kukodi lori zilianza kuwapeleka wanafunzi mbugani. Kabla ya hapo mbuga zilikuwa za mgeni wa kigeni na mlowezi. Mtoto wa mkulima alimwona tembo kwenye noti na kwenye ukuta wa darasa. Kwa shule za Lugari, Tsavo na Maasai Mara zilikuwa mbali mno na ghali mno. Kitale ilikuwa karibu, na mwaka 1974, mwaka uleule wa Saiwa, ilipata kivutio cha pili: makumbusho ya magharibi mwa Kenya, yaliyotokana na vitabu, wadudu na vitu vya kale vilivyokusanywa na Hugh Stoneham, mlowezi aliyefariki mwaka 1966 na kuacha mkusanyiko wake kwa taifa. Makumbusho asubuhi na kinamasi jioni, au kinyume chake, ni ratiba ambayo walimu wengi wa eneo hili wameitumia.

Safari yenyewe kutoka Lumakanda huelekea kaskazini hadi barabara ya Eldoret na Kitale, huvuka Nzoia pale Moi's Bridge na kuendelea hadi Kitale kati ya mashamba ya mahindi na ya mbegu. Kutoka Kitale matatu za Kapenguria hushusha abiria kwenye njia panda ya kwenda Kipsaina, na kipande kilichobaki cha barabara ya vumbi humalizwa kwa bodaboda. Wakati wa mvua za masika udongo mwekundu huwa utelezi, na gamboti huwa na faida kuliko viatu vya ngozi. Nzohe huonekana vizuri alfajiri na tena jua linapoelekea kutua. Mchana hulala ndani ya matete, na anayefika saa sita huweza kukaa juu ya jukwaa muda mrefu bila kuona kitu ila ndege. Mgeni wa siku moja kwa hiyo ana njia mbili: kuondoka Lumakanda kabla ya kupambazuka, au kufika mchana, kuzunguka msituni taratibu, na kupanda jukwaani saa kumi na kukaa huko hadi karibu na kufungwa kwa lango. Njia ya pili ina hatari ya kukosa matatu za mwisho za Kitale, na makundi yenye basi lao ndiyo huitumia kwa raha.

Mwendo wa miguu si upungufu wa mbuga hii. Nyikani, mngurumo wa injini huwa kati ya mtu na mnyama daima. Hapa mgeni husikia nzohe kabla ya kumwona, kwa mchapo wa maji na matete yanayotikisika bila upepo, na kelele zake mwenyewe ndizo zinazoamua ataona nini. Vikundi vya shule hugundua jambo hilo kwenye jukwaa la kwanza: darasa linalozungumza huona matete matupu, na darasa linalonyamaza huweza kumwona jike na ndama wake wakivuka uwazi.

Msitu wa ukingoni una wakazi ambao wengine huwavutia wageni kuliko nzohe. Mashuhuri zaidi ni kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na utepe wa rangi ya chungwa juu ya macho, aliyeitwa kwa jina la Pierre Savorgnan de Brazza, mpelelezi wa Kifaransa ambaye mji wa Brazzaville nao unabeba jina lake. Kima huyu ni mkazi wa misitu ya Kongo, na Kenya ni mpaka wa mashariki wa eneo lake. Nchini hupatikana mahali pachache, Saiwa pakiwa pamoja na msitu wa Kisere huko Kakamega. Hatari inapokaribia hakimbii wala hapigi kelele, hukaa kimya bila kutikisika kwa muda mrefu, na mpita njia huweza kupita chini yake bila kumtambua. Wapo pia mbega, fisi-maji, pongo, na shorobo wa rangi ya zambarau wenye mabawa mekundu yanayoonekana wanaporuka. Korongo-taji, ambaye Uganda imemchagua kuwa ndege wa taifa, hutaga mayai ndani ya matete na kulisha kwenye mashamba ya majirani, na kwa sababu hiyo maisha yake yako mikononi mwa wakulima kuliko mikononi mwa askari wa mbuga.

Hali ya nzohe haiko mbali na hiyo. Kinamasi cha kilomita chache za mraba hakijitoshelezi. Maji yake huanzia mashambani, na kila kinachofanyika mashambani hufika ndani ya matete: udongo uliomomonyolewa na mvua baada ya kulima kwa kufuata mteremko, mbolea inayokuza magugu ya majini hadi yanaziba uwazi, dawa za kuua wadudu. Mifereji iliyochimbwa juu ya bonde hupunguza maji ya kiangazi. Mikaratusi iliyopandwa kando ya vijito kwa ajili ya nguzo na kuni hunywa maji mengi, na tatizo hilo lilikuwa la nchi nzima kiasi kwamba mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliagiza ing'olewe kwenye kingo za mito na ardhi oevu. Mwaka huohuo zilitolewa kanuni za kulinda kingo za mito na ardhi oevu chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Utekelezaji wa agizo na kanuni hizo umekuwa wa hapa na pale, kwa kuwa mwenye ekari mbili hawezi kung'oa miti anayotegemea kwa karo ya shule bila kupewa kitu cha kuibadilisha.

Hilo lilieleweka mapema zaidi pale Kipsaina kuliko Nairobi. Tangu mwaka 1990 kikundi cha wakazi wa huko kimefanya kazi ya kulinda korongo-taji na ardhi oevu inayoizunguka mbuga. Kilianzisha vitalu vya miche ya miti ya kienyeji, kikawashawishi wakulima kuacha ukanda wa majani kando ya maji, na kikahimiza ufugaji wa nyuki na mabwawa ya samaki ili kinamasi kiwe na faida bila kukaushwa. Wazee na watoto wa shule walifundishwa kuhesabu viota vya korongo badala ya kuchukua mayai. Kazi ya namna hii haina sherehe ya uzinduzi wala jiwe la msingi, lakini bila hiyo mipaka ya 1974 ingekuwa mstari kwenye ramani tu.

Nje ya mbuga nzohe wamebaki katika sehemu chache za Kenya. Katika kinamasi cha King'wal kaunti ya Nandi, kinachokatizwa na barabara ya Eldoret na Kapsabet, wanaishi kwenye ardhi ya wananchi, wakishindana na ng'ombe, mikaratusi na wafyatuaji wa matofali wanaochimba udongo wa bondeni. Kwa mtu wa Lumakanda King'wal nayo ni safari ya siku moja, kwa upande wa kusini. Nchi nzima wamesalia mamia tu, ingawa katika mabonde ya Kongo na Zambia bado ni wengi, na Tanzania inao katika kisiwa cha Rubondo ndani ya Ziwa Viktoria, kilichotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1977.

Maji yanayotoka Saiwa huingia Nzoia, hupita kandokando ya Lugari, huanguka kwenye maporomoko ya Nabuyole huko Webuye, na huendelea kupitia Mumias hadi Budalang'i, ambako mto humwagika ziwani na mara nyingi kufurika. Jirani na hapo, upande wa Siaya, mto Yala hutandaa katika kinamasi kikubwa cha mafunjo ambacho pia kina nzohe. Sehemu ya kinamasi cha Yala ilikaushwa kwa kilimo kuanzia miaka ya 1960, na mipango ya kukausha zaidi imezua mabishano kati ya wakazi, wawekezaji na serikali mara kadhaa tangu hapo. Mwaka 2010 Ziwa Kanyaboli, lililo ndani ya kinamasi hicho, lilitangazwa kuwa hifadhi, miaka 36 baada ya Saiwa.